UZI: Expósito, jina la ukoo la Kihispania lililotoka ukutani

Mgumu wa Marangu ameandika:

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi ni mwongoza watalii. Nilianza kama mgumu, nikibeba mizigo ya wageni kupanda Kilimanjaro, kisha nikajifunza Kihispania kidogo kidogo mpaka kikawa ndicho kinachonipa ugali. Kila safari tukifika getini kazi yangu ni kukusanya pasi za wageni na kusaidia kujaza majina. Na kila safari karani ananiuliza lilelile: "Sasa hapa jina la ukoo ni lipi?" Anauliza kwa sababu Mhispania ana mawili. La kwanza kwa desturi ni la baba, la pili la mama, na mwanamke akiolewa habadili hata herufi moja. Majina aliyoandikishwa utotoni ndiyo anayozikwa nayo.

Mwaka 2019 nilikuwa na mzee mmoja kutoka mkoa wa Jaén, kusini mwa Hispania, nchi ya mizeituni. Kwenye pasi yake jina la kwanza la ukoo lilikuwa Expósito. Nilikuwa nalijua neno *exposición*, yaani maonyesho, nikadhani hawa ni ukoo wa wasanii, nikamwambia ana jina zuri. Pale hakunijibu. Usiku, tumeshakula, tumekaa nje ya hema, akaniita akanieleza. Tangu siku ile nimelifuatilia jina hili kila nilipopata nafasi, nimesoma, nimewadodosa wageni, na leo nataka nilimwage lote hapa. Ni refu, mnivumilie.

Expósito limetoka kwenye Kilatini, *expositus*: aliyewekwa nje. Ni kweli ni ndugu wa lile neno la maonyesho, maana maonyesho nayo ni kutoa vitu nje watu wavione. Ila hapa kilichowekwa nje ni mtoto mchanga. Ni mtoto aliyeachwa mlangoni pa kanisa au pa hospitali, au kwenye ngazi za nyumba ya watu wenye uwezo, bila barua ya kueleza ni wa nani. Wahispania walimwita mtoto huyo *niño expósito*, na neno lililokuwa sifa ya mtoto likageuka kuwa jina lake la ukoo.

Mzee akanielezea kifaa chenyewe, na hapa naomba mkione kama nilivyokiona mimi alipokichora mavumbini kwa fimbo yake ya kupandia mlima. Kwenye ukuta wa nyumba ya kulelea watoto walioachwa kulikuwa na *torno*. Chukua pipa la mbao, lisimamishe ndani ya tundu la ukuta, nusu iko barabarani, nusu iko ndani. Pipa hilo lina uwazi upande mmoja tu na linazunguka pale pale liliposimama. Anayemleta mtoto anafika usiku, anamlaza kwenye uwazi, anavuta kengele, anasukuma. Pipa linageuka, uwazi unaelekea ndani, mwenye zamu anampokea mtoto. Hawaonani. Ndiyo ilikuwa nia ya kifaa hicho: mtoto asiachwe kwenye baridi wala asiliwe na mbwa, na aliyemleta asijulikane.

Wengine waliacha alama. Karatasi inayosema mtoto ameshabatizwa au bado. Utepe. Nusu ya kadi au nusu ya picha ya mtakatifu iliyochanwa, nusu ya pili akibaki nayo mama, ili siku akirudi zikutanishwe. Kule Firenze, Italia, kwenye nyumba ya watoto ya Innocenti iliyofunguliwa mwaka 1445, mpaka leo jumba lao la makumbusho linaonyesha medali zilizokatwa nusu. Yaani zile ambazo nusu zake za pili hazikurudi.

Baada ya kupokewa, mtoto anaandikwa. Mara nyingi jina la kwanza lilitoka kwa mtakatifu wa siku hiyo. Lakini kitabu kina nafasi ya jina la baba, na karani hapendi nafasi tupu. Kwa hiyo kwenye mamia ya parokia na nyumba za kulelea watoto, kwa karne kadhaa, kalamu iliandika neno hilohilo: Expósito.

Sasa hapa ndipo naomba tuelewane vizuri, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike uzi huu. Sisi tunasema "jina la ukoo", na watu wa Pwani wana "ubini". Maneno yote mawili yanatuambia nyuma ya jina kuna mtu: baba, babu, mzizi mmoja. Majina mengi ya Kihispania yamekaa hivyohivyo. Ile *-ez* ya mwishoni inafanya kazi ya "bin" yetu: Fernández ni wa Fernando, Rodríguez ni wa Rodrigo, Sánchez ni wa Sancho. Akina Fernando walikuwa wengi, kwa hiyo akina Fernández si ukoo mmoja, lakini angalau kila Fernández ana Fernando wake huko nyuma. Expósito hana mtu huko nyuma. Ana mlango. Mtoto aliyepokewa Jaén, wa Sevilla na wa Tenerife waliandikwa jina moja bila kuwa na hata tone la damu moja. Hata wawili waliopokewa usiku mmoja kwenye torno lilelile hawakuwa ndugu. Jina hili lilianza upya kila pipa lilipogeuka.

Ndiyo maana nilikasirika mzee aliponiambia kwamba mwanawe alilipia kwenye tovuti moja akaletewa "nembo ya ukoo wa Expósito", ngao ya rangi, imewekwa kwenye fremu, na hadithi ya mashujaa wa vita vya zamani. Watu wanauziwa babu! Mtu ana uchungu wa kutojua alikotoka, na mwenzake anageuza uchungu huo biashara. Ukikuta tovuti inakuuzia ngao ya Expósito, jua hata maana ya neno hawajaisoma.

Nyumba hizo zilikuwa na majina yake. Ya Madrid iliitwa Inclusa, ilianza karne ya 16. Jina lenyewe linatokana na sanamu ya Bikira Maria ambayo inasimuliwa ililetwa na askari kutoka mji wa Enkhuizen, Uholanzi. Watu wa Madrid wakashindwa kulitamka Enkhuizen, likawa Inclusa. Baadaye *inclusa* likawa neno la kawaida la nyumba yoyote ya aina hiyo, na *inclusero* likawa tusi. Hali ya ndani sitaipamba. Maziwa hayakutosha, wanyonyeshaji wa kulipwa walikuwa wachache, na watoto wengi sana hawakumaliza hata mwaka. Kwa hiyo kila Expósito aliye hai leo ametokana na mtoto aliyepona pale ambapo wenzake wengi hawakupona. Wanaosema jina hili ni la aibu nawaomba waliangalie na kwa upande huo.

Tusi lenyewe lilifika mpaka kwa mfalme. Januari 1794 Carlos wa Nne alitoa amri kwamba watoto hawa wahesabiwe kuwa halali katika mambo yote ya kiraia, na atakayemwita mmoja wao mwanaharamu au neno lolote la namna hiyo ashtakiwe, alazimishwe kufuta kauli mbele ya hakimu na alipe faini. Amri iliongeza jambo lililonishangaza: wakikosa, wasipewe adhabu za kudhalilisha kama viboko na kitanzi, bali wapewe zile wanazopewa watu wa daraja la juu. Sababu ni kwamba hakuna ajuaye mtoto yule ni wa nani. Anaweza kuwa wa nyumba kubwa kuliko ya hakimu. Kule kutojulikana kulikomfanya atukanwe ndiko mfalme alikokutumia kumkinga.

Nitarudi na sehemu ya pili, kuna habari ya chanjo ya ndui ambayo lazima muisikie.

Nahodha wa Kilwa ameandika:

Mkuu umetisha, endelea. Ila mimi nilijua Esposito ni Waitaliano. Yule mwigizaji Giancarlo Esposito, bosi wa kuku kwenye tamthilia ya Breaking Bad, si mtu wa Italia? Imekuwaje tena Kihispania?

Mgumu wa Marangu ameandika:

Nahodha, swali zuri. Ni neno moja la Kilatini lililozaa huku na huku. Esposito yenye *s* ni ya Italia, na makao yake ni Napoli, ambako ni jina namba moja mpaka leo. Huyo mwigizaji baba yake alikuwa mtu wa Napoli. Napoli ilitawaliwa na Hispania kwa miaka 200 na zaidi, lakini usije ukasema Wahispania ndio waliolileta jina, maana kuacha watoto na kuwapokea kulikuwa kwa Ulaya yote ya Kikatoliki.

Napoli gurudumu lilikuwa kwenye nyumba ya Annunziata. Mtoto alivishwa shingoni kimedali cha risasi, madini yale mazito, ili asibadilishwe na mwingine akipelekwa kwa mnyonyeshaji. Mwaka 1814 mfalme Joachim Murat, shemeji yake Napoleon, alipiga marufuku kuwapa watoto jina Esposito, na gurudumu lenyewe likafungwa mwaka 1875. Marufuku hiyo ililikuta jina limeshaenea mji mzima.

Kila mji ulikuwa na lake. Roma waliandika Proietti, waliotupwa. Firenze waliandika Innocenti, wasio na hatia. Milano waliandika Colombo, njiwa, kwa kuwa njiwa alikuwa nembo ya hospitali iliyowapokea. Mimi kati ya hayo yote nampenda njiwa.

Chipukizi wa Ilala ameandika:

Kaka, tuletee na wachezaji basi. Hawa akina Torres na Ramos majina yao yana maana?

Mgumu wa Marangu ameandika:

Yanayo mdogo wangu. Torres ni minara. Ramos ni matawi. Xavi Hernández ni wa Hernando. Lakini kwenye uzi huu mchezaji anayehusika ni mmoja: Gerard Deulofeu. Unamkumbuka, yule winga aliyepitia Barcelona, Everton, Milan, kisha Watford. Aprili 2019, nusu fainali ya Kombe la FA, Watford wako nyuma 2-0 dhidi ya Wolves, akaingia kutoka benchi akafunga mawili, wakashinda 3-2.

Yeye ni Mkatalani, mtu wa Catalunya, kaskazini mashariki mwa Hispania, na jina lake kwa Kikatalani ni sentensi nzima: *Déu lo féu*, Mungu alimuumba. Wachambuzi wa majina wanaliweka kundi moja na Expósito, jina la mtoto aliyeokotwa. Hebu litazame. Mwandishi wa Jaén aliulizwa mtoto huyu ni wa nani, akaandika: aliwekwa nje. Mwandishi wa Catalunya aliulizwa swali hilohilo, akaandika: Mungu alimuumba. Hali ni moja, lakini mmoja ameandika alichofanyiwa mtoto, mwingine ameandika kwamba mtoto ana mwenyewe.

Yapo na mengine: Gracia kule Zaragoza, kutokana na Hospitali ya Nuestra Señora de Gracia, Iglesias, makanisa, de la Cruz, wa msalaba, de Dios, wa Mungu. Angalizo: haya yana na asili nyingine pia. Si kila Iglesias aliokotwa, wengine ni jina la mahali tu. Expósito ndilo lisilojificha.

Sasa ile sehemu ya pili.

Mwaka 1803 makoloni ya Hispania yalikuwa yanateketea kwa ndui. Chanjo ilishapatikana, Jenner aliitangaza Uingereza mwaka 1798, lakini ilikuwa majimaji ya kipele cha ng'ombe na haikuweza kuvuka bahari bila kuharibika. Majokofu hayakuwapo. Daktari Francisco Javier Balmis akapata wazo: chanjo isafiri ndani ya miili ya watu. Unamchanja mtoto mkononi, kipele kinajaa, baada ya siku tisa au kumi unachukua majimaji yake unamchanja mwingine, wawili wawili ili mnyororo usikatike. Sharti ni wawe hawajawahi kuugua ndui, na ndiyo maana wakatakiwa watoto.

Nani angetoa mtoto wake? Wakachukuliwa wasio na wa kuwakatalia. Tarehe 30 Novemba 1803 meli María Pita iling'oa nanga bandari ya La Coruña ikiwa na wavulana 22 wa umri wa miaka mitatu hadi tisa, karibu wote watoto walioachwa. Mlezi wao alikuwa Isabel Zendal, msimamizi wa nyumba ya watoto ya mji ule, na mwanawe Benito alikuwa mmoja wa hao 22. Wakapita Tenerife wakachanja, wakapita Puerto Rico, Venezuela, mpaka Meksiko. Mwaka 1805 Balmis akavuka na watoto 26 wa Meksiko kwenda Ufilipino kwa njia ileile.

Nimeitazama orodha ya majina ya wale 22. Wengi wana jina la kwanza tu, au majina mawili ya ubatizo yaliyofuatana. Clemente, miaka sita. Jacinto, miaka sita. Cándido, saba. Martín, mitatu. Hakuna ubini. Wale wa La Coruña hawakurudi kwao, walibaki Meksiko. Hispania imemkumbuka daktari: operesheni ya jeshi wakati wa Uviko mwaka 2020 iliitwa Balmis. Imemkumbuka na mlezi: hospitali iliyofunguliwa Madrid Desemba mwaka huohuo inaitwa Isabel Zendal. Mimi nikisoma orodha ile naishia kwa Martín wa miaka mitatu, yuko katikati ya Atlantiki, mkono umevimba, na chanjo ya bara zima iko ndani yake.

Mama Zai ameandika:

Kaka Mgumu, umeniliza mchana huu. Mimi ni muuguzi, na wodini kwetu huletwa watoto waliookotwa, si mara moja wala mbili. Jina la kwanza manesi tunampa, mara nyingi la dada aliyekuwa zamu. La ukoo ndilo mtihani, tunawasubiri ustawi wa jamii. Ndiyo maana sikubaliani na wewe kwenye jambo moja. Unaliongelea Expósito kama jina la kujivunia. Mtoto yule hakuchagua. Kila akiitwa darasani, darasa zima linajua aliokotwa. Sisi tunao akina Shida, Tabu na Mashaka, lakini Tabu amepewa na mama yake mwenyewe, anasimulia tabu aliyoipata mama. Expósito linamsimulia mtoto peke yake. Serikali yao ilipaswa kulifuta moja kwa moja.

Mgumu wa Marangu ameandika:

Dada Mama Zai, shikamoo kwa kazi unayoifanya. Hiyo tofauti ya Tabu na Expósito sikuwa nimeiona, nimeipokea.

Sheria yao ilifika pale unapotaka, ila taratibu. Tangu mwaka 1921 wenye jina hili waliruhusiwa kulibadili bila gharama. Sheria ya usajili ya mwaka 1957 ikasema hakimu anaweza kumruhusu mtu aache Expósito au jina lolote linaloonyesha asili isiyojulikana, achukue jingine ambalo ni la kwake, na kama hana, apewe jina la kawaida linalotumiwa na watu. Kanuni za mwaka 1958 zikakata mzizi: hakuna ofisa anayeruhusiwa tena kumwandika mtoto Expósito.

Angalia lile neno, "la kawaida linalotumiwa na watu". Yaani mtoto akachanganywe na umati. Na majina ya umati Hispania wanayo. García peke yake, kama jina la kwanza la ukoo, wanalo watu zaidi ya milioni 1.4, karibu watatu kwa kila mia. Asili yake inadhaniwa ni Kibaski, lugha ya kaskazini mwa Hispania, wapo wanaolihusisha na *hartz*, dubu. Ukimwita García kwenye kituo cha treni wanageuka kumi. Hapo mtoto amefichika salama, na nadhani hicho ndicho unachowatakia wale wa wodini kwako.

Ninachokataa ni kufuta kwa lazima. Waliotaka kuliacha waliliacha, wengi tu, na ndiyo maana leo waliotokana na watoto wa torno ni wengi kuliko wenye jina. Waliobaki nalo wamelichagua. Ukimpokonya mjukuu jina ambalo babu yake alilisafisha kwa jasho, umerudia kosa la karani wa kwanza: kuamua mtu aitweje bila kumuuliza.

Mama Zai ameandika:

Hapo kwenye kumuuliza nimekuelewa. Lakini mtoto wa siku mbili haulizwi, kaka. Nabaki na langu kwa yule wa siku mbili.

Mgumu wa Marangu ameandika:

Kwa yule wa siku mbili uko sahihi dada. Sina la kuongeza.

Mkaa Muscat ameandika:

Wakuu, mimi niko Oman miaka kumi sasa. Kazini nina wenzangu wa Ufilipino, kila mmoja Santos, Reyes, de la Cruz. Niliposoma de la Cruz hapo juu nikashtuka. Hawa nao ni wa kuokotwa? Na mbona kwa sura hawana Uhispania wowote?

Mgumu wa Marangu ameandika:

Hapana ndugu yangu, usije ukamwambia mwenzako hivyo ukavunja urafiki! Wafilipino wana hadithi yao. Wengi hawakuwa na jina la ukoo la kurithisha, na waliobatizwa wengi walijichukulia majina ya dini kama de la Cruz na de los Santos, mpaka watoza kodi wakapotea. Tarehe 21 Novemba 1849 gavana Narciso Clavería akaamuru kila familia ipewe jina. Likatolewa kabrasha la majina kwa alfabeti, likagawiwa kwa mikoa, mikoa ikagawia miji. Mji wa Oas, mkoa wa Albay, mpaka leo umejaa majina yanayoanza na R, kwa kuwa ndiyo herufi waliyoangukiwa.

Kwa hiyo mwenzako ana jina la Kihispania bila kuwa na babu Mhispania. Linatoka kwenye kabrasha kama la mzee wangu lilivyotoka ukutani. Ukitaka kumfurahisha, muulize familia yao inatoka mji gani, kisha tazameni pamoja herufi za mwanzo za majirani zake.

Nahodha wa Kilwa ameandika:

Na Amerika ya Kusini je? Waliopelekwa kule waliendelea na jina?

Mgumu wa Marangu ameandika:

Waliendelea, na kule kulikuwa na nyumba zao wenyewe. Buenos Aires ilifunguliwa nyumba ya watoto wa kuokotwa mwaka 1779 na mtawala Vértiz. Fedha za kuiendesha zilipungua, wakachukua mtambo wa kuchapia uliokuwa umeachwa na Majesuiti kule Córdoba, wakaufunga Buenos Aires mwaka 1780, mapato yawalishe watoto. Ukaitwa Imprenta de los Niños Expósitos. Mtambo huo ndio uliochapa Telégrafo Mercantil mwaka 1801, gazeti la kwanza la mji ule, na Gazeta ya mapinduzi mwaka 1810. Yaani magazeti ya kwanza ya Ajentina yana jina la watoto hawa.

Na kuna ndugu wawili, Homero na Virgilio Expósito, mshairi na mpiga piano. Wapenzi wa tango, ule muziki wa Ajentina, hawana haja ya kuelezwa. "Naranjo en flor" ya mwaka 1944 ni yao, maneno ya Homero, muziki wa Virgilio. Watazame majina: la kwanza ni la mshairi mkuu wa Wagiriki na la mshairi mkuu wa Warumi, la pili ni la mlangoni. Mzazi aliyewapa majina hayo alijua anachofanya.

Kwa Hispania yenyewe, jina bado limejaa Andalucía na visiwa vya Canarias, pamoja na Madrid na Barcelona walikohamia watu kutafuta kazi. Anayetaka kulitazama jina lolote, taasisi yao ya takwimu, INE, ina ukurasa wa bure: unaandika jina la ukoo, inakuletea idadi na ramani ya mikoa. Yenye watu chini ya 20 haionyeshi, kulinda faragha.

Chipukizi wa Ilala ameandika:

Kaka swali la mwisho. Yule mzee wa Jaén alifanikiwa kujua mama wa babu yake ni nani?

Mgumu wa Marangu ameandika:

Hakufanikiwa. Ila alikuwa na picha ya ukurasa wa kitabu cha ubatizo kwenye simu, akanionyesha usiku uleule, akaikuza kwa vidole viwili, mwanga wa simu ukimpiga usoni. Mwandiko wa padri umelala upande, wino umekuwa wa kahawia. Alikuwa baba wa babu yake. Ameandikwa José, kwa sababu ilikuwa Machi 19, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Wazazi hawajulikani. Amefika usiku, amefungwa kipande cha shali ya sufu, na utepe wa kijani kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Expósito halimo kabisa kwenye ukurasa ule. Lilionekana kwa mara ya kwanza miaka ishirini na kitu baadaye, kwenye kitabu cha ndoa, siku José alipohitaji jina la kumpa mke na watoto watakaokuja.

Nikamuuliza utepe uko wapi. Akaniambia hakuna anayejua, ila mama yake mzee, kila mtoto akizaliwa kwenye familia, alikuwa anamfunga utepe wa kijani mkono wa kushoto mpaka siku ya ubatizo, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini mpaka ukurasa ule ulipopatikana.